Vifaranga Chotara kutoka kwa Jirani: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kulipa

Mkaazi anayetaka kuanza ufugaji wa kuku si lazima aagize vifaranga kutoka mbali. Mara nyingi kuna mfugaji kijijini anayeangua na kuuza chotara, yaani vifaranga wa kuku wa kienyeji waliochanganywa na aina kama Kuroiler, Sasso au wale walioboreshwa na KALRO, Naivasha. Vifaranga hao hawachoshwi na safari ndefu, na mnunuzi anaweza kuwaona wazazi wao. Hata hivyo, jina "chotara" huitwa kuku wa kila namna. Ndiyo maana maswali huulizwa kabla ya pesa kutolewa.

Wazazi ni gani?

Kuroiler na Sasso wenyewe ni mchanganyiko wa mbegu kadhaa. Wakizalishana wao kwa wao, watoto hawafanani: wengine hukua haraka, wengine hudumaa, na utagaji hutofautiana. Anayeuziwa vifaranga kwa bei ya Kuroiler aulize kama walitoka kwa kampuni inayoangua au kwa kuku wa boma hilo. Wa boma si wabaya, ila bei yao iwe ya chini.

Aombe pia kumwona jogoo. Jogoo mmoja hutosha mitetea 10 hivi. Kama alianguliwa katika banda hilo hilo na anapanda dada zake au mama yake, vifaranga huelekea kuwa dhaifu. Mfugaji makini huleta jogoo kutoka ukoo mwingine.

Wamechanjwa nini, na lini?

Chanjo ya Marek hutolewa siku ya kuanguliwa, na wafugaji wengi wadogo huikosa. Za Gumboro na Newcastle hufuata katika wiki za kwanza, kisha hurudiwa. Muuzaji aonyeshe daftari lenye tarehe. Pasipo rekodi, vifaranga wahesabiwe kuwa hawajachanjwa, na mnunuzi apange ratiba na afisa wa mifugo wa wadi. Chupa moja ya chanjo ya Newcastle hutosha kuku 100 au zaidi, na ikishachanganywa haiwekwi hadi kesho. Majirani wakichanja siku moja, gharama inagawanywa na kuku wa kijiji kizima wanakingwa.

Umri na idadi

Kifaranga wa siku moja ana bei nafuu, lakini hawezi kujipasha joto. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha joto linapunguzwa kidogo kidogo kila wiki. Pasipo kipimajoto, vifaranga watazamwe: wakirundikana, wanahisi baridi, wakikimbilia pembeni na kuhema, joto limezidi, wakienea sawasawa, wametosheka. Asiye na stima au jiko la uhakika ni afadhali anunue wa mwezi mmoja. Atalipa zaidi, lakini wiki za hatari kubwa zitakuwa zimepita.

Takriban nusu ya vifaranga watakuwa majogoo. Anayetaka mitetea 10 ya mayai anunue zaidi ya 20, majogoo wauzwe kwa nyama. Kundi dogo kama hilo linamtosha anayejifunza.

Siku ya kuchukua

Mnunuzi aende mwenyewe, asubuhi kabla ya jua kali. Kifaranga mzima ana macho maangavu, miguu imara, kitovu kilichofunga, na sehemu ya nyuma isiyogandamana kinyesi. Akiwapo hata mmoja anayesinzia au kuhara damu, asichukue yeyote wa kundi hilo, hata akipunguziwa bei.

Wasafirishwe katika boksi lenye matundu, na wakute chumba kimeshapashwa joto na sakafu ina matandiko makavu. Wapewe maji safi kwanza, kisha chakula cha vifaranga kutoka agroveti. Kama kuna kuku wengine bomani, wageni watengwe kwa angalau wiki mbili, kwa kuwa kuku anayeonekana mzima anaweza kubeba ugonjwa.

Vifaranga wakianza kufa ghafla, afisa wa mifugo wa wadi aarifiwe siku hiyo hiyo, pamoja na aliyewauza, ili banda lake pia likaguliwe. Mizoga izikwe kwenye shimo refu au ichomwe. Isitupwe vichakani wala kupewa mbwa.