Gemu la Bure Linapoingia Nyumbani

Likizo ya Juni huku kwetu Mngeta huangukia wakati wa mavuno ya mpunga. Jioni tukirudi shambani tumechoka, watoto huomba simu, nasi tunawapa ili tupate kupumzika. Ndivyo ilivyotupata mwaka jana. Mwanetu wa kidato cha kwanza alikuja akicheka: amepata gemu la mpira bila kulipa hata senti.

Akina mama wenzetu, je, ni kosa mtoto kufurahia mchezo? Hasha. Gemu kubwa la kompyuta au la mashine ya PSP huweza kuzidi gigabaiti moja, na bando ni ghali. Kwa hiyo wajanja hulibana, kama tunavyoshindilia nguo katika sanduku la safari. Wengine hupunguza hata sauti na picha. Mtoto hulipakua, au hurushiwa kwenye memori kadi kibandani, kisha hulicheza kwa programu kama PPSSPP, iliyotoka mwaka 2012. Programu hiyo ni halali, na kubana faili si dhambi. Kosa ni kuchukua na kugawa kazi ya mtu bila ruhusa yake.

Lakini vya bure vina gharama. Mwanetu aliambiwa aweke kwanza programu nyingine “ya kufungulia”, na airuhusu kusoma ujumbe wa simu. Baada ya siku chache simu ilipata moto, bando likawa linaisha lenyewe, na picha za aibu zikajitokeza. Fundi wa Ifakara alilazimika kufuta kila kitu. Picha za marehemu bibi yao zilipotea. Pesa ya mpunga, iliyokuwa kwenye laini hiyohiyo, ilisalimika. Namba ya siri tulikuwa hatujampa mtoto.

Wala si sisi tu. Mwaka 2021 kampuni ya Avast ilieleza juu ya kirusi Crackonosh, kilichofichwa ndani ya gemu za wizi. Kilikuwa kimeingia katika kompyuta zaidi ya 222,000 duniani, kikizitumia kuwachumia wenyewe fedha za kidijitali.

Tena mwenye kibanda haulizi umri. Gemu la GTA: Vice City Stories la mwaka 2006, lililojaa mauaji na uhalifu, huko Uingereza liliwekewa alama ya miaka 18. Kwetu linaweza kumfikia mtoto wa miaka 12.

Na haki je? Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Lakini mtoto huelewa upesi zaidi tukimwuliza: mtu akiingia usiku shambani akavuna mpunga tulioulima na kuupalilia, tutamwita mjanja?

Tufanye nini basi? Tusikimbilie fimbo. Tukae na mtoto atuonyeshe anachocheza. Tumchagulie gemu za bure zilizo halali katika duka la programu la simu. Asiweke programu yoyote bila kutuuliza, na namba ya siri ibaki kwetu.

Siku hizi mwanetu hucheza Jumamosi, sebuleni, mbele yetu. Juzi alitufundisha na sisi. Tulifungwa mabao matano, na nyumba nzima ikacheka.