Dawa za Shambani Hupikwaje Kiwandani?

Ndugu mkulima, kila ununuapo chupa ya dawa ya kuoshea ng'ombe au ya kupulizia mimea, utaona juu ya karatasi yake namba ndogo iliyopigwa chapa. Namba hiyo huonyesha dawa ilitoka katika mkupuo gani wa kiwanda. Watu wengi hutazama tarehe ya mwisho tu, wakaiacha namba. Haifai. Ili ujue sababu, yakupasa kwanza ujue jinsi dawa inavyopikwa.

MFANO WA BIRIKA LA KAHAWA

Walimao kahawa wanaijua kazi ya kiwanda cha chama. Buni zikiisha kumenywa ganda jekundu, bado zina utelezi. Hutiwa katika birika la saruji zikachacha, na vijidudu vidogo huuvunja utelezi ule, pengine kwa saa 12, pengine kwa saa 36, kwa kadiri ya joto la mahali. Msimamizi hutia mkono akazisugua. Zikikwaruza kama changarawe, ziko tayari. Huoshwa, birika husafishwa, kisha hutiwa nyingine. Akizitoa mapema, utelezi hubaki. Akichelewa, kahawa hunuka na bei huanguka. Akiacha buni za jana pembeni mwa birika, zitaharibu za leo.

Viwanda vingi vya dawa hufanya kazi vivyo hivyo. Birika lao ni chungu kikubwa cha chuma chenye mfuniko, na ndani mna mwiko unaozungushwa na mashine. Kemikali hupimwa, hutiwa, hukorogwa, hupashwa moto, hungojwa, hupozwa, hutolewa. Kisha chungu huoshwa. Huo ndio mkupuo mmoja.

Viko viwanda vingine, kama vya kusafishia mafuta ya petroli, ambavyo havisimami: mali ghafi huingia upande huu na mali iliyo tayari hutoka upande ule, usiku na mchana. Njia hiyo yafaa kwa kitu kimoja kinachotakiwa kwa wingi sana. Chungu cha mkupuo chafaa pale kiwanda kinapotengeneza vitu vingi, kila kimoja kidogo kidogo: juma hili dawa ya wadudu, juma lijalo dawa ya magugu. Hapo ndipo kuosha kunapokuwa jambo kubwa. Masalio ya dawa ya magugu yakiingia katika dawa ya wadudu, mkulima atapulizia mboga zake akidhani anaziponya, kumbe anaziua.

MUDA

Kemikali huungana upesi mwanzoni, kisha polepole. Tuseme umetia kilo 100, na nusu yake hugeuka kila saa. Baada ya saa moja zimebaki kilo 50. Baada ya saa mbili, 25. Baada ya saa tatu, 12 na nusu. Kile kidogo cha mwisho huchukua muda mrefu. Tena kuna saa za kujaza, kutoa na kuosha. Kama kupika ni saa 6 na hizo nyingine ni saa 2, kiwanda hupata mikupuo 3 kwa siku. Mwenye haraka atashawishika kupunguza kupika au kuosha, na hasara itamfikia mkulima.

JOTO

Kemikali nyingi zinapoungana hutoa joto zenyewe. Kwa kadirio, joto likizidi nyuzi 10 za sentigredi, kazi huenda kasi mara mbili. Kasi ikizidi, joto huzidi tena. Kwa hiyo chungu huzungushiwa maji baridi. Lakini angalia hesabu hii: ukifanya chungu kiwe kikubwa mara mbili kwa urefu na upana wote, ndani huchukua mara 8, lakini ngozi yake ya nje huongezeka mara 4 tu. Kwa hiyo chungu kikubwa ni kigumu kupozwa, kama vile sufuria kubwa ya uji inavyokawia kupoa.

Tarehe 10 Julai 1976, katika kiwanda kimoja karibu na mji wa Seveso, Italia, mkupuo ulisimamishwa kabla ya kwisha kwa sababu ya mapumziko ya mwisho wa juma. Kiwanda kilikuwa kikipika kemikali ambayo pia ilitumika kutengenezea dawa za magugu. Mwiko ulisimama, na chungu hakikupozwa. Joto lilijikusanya kwa saa kadhaa, likapasua kizuizi cha usalama, na wingu lenye sumu ya dioksini likatoka. Maelfu ya kuku na sungura walikufa, na zaidi ya watu 700 walihamishwa makwao. Mwaka 1982 nchi za Jumuiya ya Ulaya ziliweka sheria ya kuzuia ajali za namna hiyo.

FANYA HIVI

1. Nunua dawa katika chupa au debe ambalo halijafunguliwa na lenye karatasi yake.

2. Andika katika daftari jina la dawa, namba ya mkupuo, tarehe, na mahali ulipoitumia.

3. Mimea ikiungua au kupe wasipokufa, waulize jirani. Ikiwa wenye namba kama yako wamepatwa na jambo lilo hilo, huenda kosa ni la mkupuo. Ikiwa ni wewe peke yako, chunguza kwanza kipimo chako na bomba lako. Kisha mwone afisa wa kilimo, ukichukua chupa yenyewe.

4. Usichanganye masalio ya dawa mbalimbali katika debe moja ukalifunga. Wewe huna maji ya kupozea, wala huna kizuizi cha usalama.

5. Osha bomba kila ubadilishapo dawa, hasa baada ya dawa ya magugu.

Namba ile ndogo ndiyo njia ya kurudi kutoka shambani mwako hadi chungu ambamo dawa ilipikwa. Ukitupa chupa bila kuiandika, njia hiyo imekatika.