Kuhesabu Mbegu kwa Mawimbi ya Redio

Ifikapo Machi, mvua za masika zinapokaribia miteremko ya Mlima Elgon, maduka ya pembejeo mjini Kimilili hufurika wakulima wa mahindi. Mwuzaji asiyejua pakiti za msimu uliopita zimo katika rafu gani huweza kumpa mkulima mbegu iliyopitwa na muda. Kosa hilo hudhihirika shambani baada ya kupanda, wakati fedha za mbolea zimekwisha kutumika. Kwa sababu hiyo, stoo ya mbegu ni mahali panapofaa mfumo wa RFID, yaani utambuzi kwa mawimbi ya redio, unaotumia kisomaji cha mkononi.

Kibandiko cha mfumo huu kina antena na kipande kidogo cha elektroniki. Aghalabu hakina betri. Kisomaji hurusha mawimbi, nacho kibandiko hupata nguvu kutokana nayo na kuyaakisi yakiwa yamebeba nambari. Harry Stockman alieleza misingi ya mawasiliano ya namna hii mwaka 1948. Tofauti na mistari myeusi inayosomwa katika supamaketi, kibandiko si lazima kionekane: pakiti za nyuma husomwa pamoja na za mbele. Neno “kisomaji” linafaa kuliko “msomaji”, kwani kifaa hakielewi kinachokisoma.

Kwa hakika, kazi ngumu huanzia kwenye daftari. Nambari peke yake haisemi lolote kuhusu mahindi. Programu ndiyo inayoihusisha na jina la mbegu, shehena, tarehe ya mwisho na rafu. Karani mmoja akiandika H614D na mwenzake H 614 D, programu itadhani ni mbegu mbili, na hesabu zote mbili zitapotoka. Basi majina husawazishwa kwanza, kila rafu hupewa kibandiko chake, kisha shehena kutoka Kitale, ilikoasisiwa Kenya Seed Company mwaka 1956, husajiliwa siku inapopokelewa. Kubandika kila pakiti ya kilo 2 ni gharama. Katoni hutosha, mradi zilizofunguliwa ziandikwe kando.

Kisha huja masafa. Kisomaji kilichopangwa kwa kanuni za Marekani hutumia megahezi 902 hadi 928, ambazo sehemu yake nchini Kenya ni ya simu za mkononi. Hupangwa upya kati ya 865 na 868. Nguvu nazo hupunguzwa, la sivyo kisomaji kitahesabu hata rafu ya jirani. Hujaribiwa kwa kulinganisha na hesabu ya mkono, hasa karibu na mabati na chupa za dawa, kwa kuwa chuma huakisi mawimbi na maji huyameza. Umeme ukikatika, mtandao wa stoo hukatika nao. Hivyo programu bora huhifadhi usomaji ndani ya kifaa na kuutuma baadaye, bila kuihesabu nambari moja mara mbili.

Hata hivyo, kisomaji huthibitisha kuwapo kwa kibandiko tu, si uhalisi wa mbegu. Kwa hilo, mkulima hukwaruza lebo ya KEPHIS na kutuma nambari iliyofichwa kwa 1393, kabla hajaifungua pakiti.