Kinyago Nilichochonga Mwenyewe Kinanitisha!

Wewe mshikaji wa mjini, daftari lako la darasa la kwanza liliishia kufungia karanga. Una bahati. Sisi tuliojifunza kuchonga kule Newala, ushahidi wetu bado upo, tena umewekwa sebuleni!

Kwa Wamakonde, mtoto hapewi mpingo siku ya kwanza. Thubutu! Mti ule ni mzito, ukiutia majini unazama, na patasi ukiipiga kizembe inakurudi. Unaanza na muhogo. Usicheke. Hata marehemu George Lilanga (1934–2005), ambaye kazi zake zilifika Ulaya na Marekani, alianzia kwenye muhogo.

Uzuri wa muhogo hauna kumbukumbu. Umechonga mtu katoka bata? Mama anamtumbukiza chunguni, jioni mnamla na chai. Kesi imekwisha. Kasheshe linaanza mjomba akikupa kipande cha mpingo kilichobaki, maana ule hata mchwa hawakusaidii.

Kinyago changu cha kwanza ni mama kabeba mtungi kichwani. Ndivyo nilivyokusudia. Wageni wa bibi wao wanauliza: "Huyu tembo mkonga wake umekatika?"

Wapo waliookolewa na shetani. Inasimuliwa kuwa miaka ya 1950, Dar es Salaam, Samaki Likankoa alikuwa akichonga mtu, mkono ukavunjika. Akamgeuza shetani, mfanyabiashara Mohamed Peera akampenda, na mtindo mzima wa mashetani ukazaliwa. Basi nami nikamwambia bibi changu ni shetani. Akakitazama weee. "Shetani gani mpole hivi, mjukuu wangu?"

Mwaka jana nikampeleka mchumba kujitambulisha. Gari lilipoanza kupanda mlima kutoka Masasi, roho ikawa inanidunda. Kweli bwana, hata mkekani hatujakaa sawasawa, bibi keshakileta, anakifuta kwa kanga. "Mjukuu wangu, hiki kakichonga mumeo akiwa na miaka kumi na moja."

Binti akakigeuza, akakigeuza tena, akaniangalia mimi. Kisha akaomba aondoke nacho.

Bibi akakikumbatia. "Nileteeni kwanza kingine cha mpingo, kizuri kuliko hiki, ndipo mchukue."

Kipande cha mpingo mjini si bei ya kitoto, lakini nimenunua. Mwezi wa saba huu nachonga, usiku, mlango nimefunga.