Kiti cha Nyuma Nacho Kina Haki Yake

Safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lushoto kwa ajili ya Idi ya Kuchinja huanza kwa jasho na kumalizikia kwenye blanketi. Kati ya Chalinze na Segera joto huwa kali. Ukishapita Mombo barabara hupanda milima ya Usambara, na Idi inapoangukia Juni, kama ilivyokuwa katika miaka ya karibuni, baridi ya huko si ya mchezo.

Katika mojawapo ya safari hizo tulikuwa na mama mzazi. Mimi nilishika usukani, kiyoyozi kikinipuliza usoni, nikiamini kuwa gari zima limo katika raha ile ile. Nyuma, mama na wajukuu wake walikuwa wakijipepea kwa kanga. Mama hakusema kitu, kwa subira yake. Watoto nao walinyamaza kwa kumwiga bibi yao. Karibu na Korogwe yule mdogo akatapika, nami nikasimama kando ya barabara. Nilipofungua mlango wa nyuma nilipokewa na hewa nzito ya joto, na aibu ikanishika.

Jioni, tukiwa mlimani, mambo yaligeuka. Mama alitetemeka, hita ya nyuma haikutoa joto hata kidogo, na kabla hatujafika, mshale wa joto la injini ukapanda na mvuke ukafuka chini ya gari. Fundi aliyetusaidia alituonyesha chanzo. Mabomba ya hita ya nyuma yalikuwa yamekatwa zamani na kuzibwa kwa vipande vya mpira, ambavyo sasa vilikuwa vimepasuka. Aliyeniuzia gari hakunitajia habari hiyo. Alhamdulillahi, tulisimama salama.

Mbele na nyuma ni mambo mawili

Magari mengi ya familia yatokayo Japani, kama Noah, Alphard na Hiace, huwa na kiyoyozi na hita za nyuma mbali na zile za mbele. Kwa upande wa kiyoyozi, kompresa ni moja, lakini nyuma kuna koili yake ya ubaridi, vali yake na feni yake. Hita haina moto wake yenyewe. Hutumia maji ya injini, ambayo kwa kawaida hufikia nyuzi 80 hadi 90 za Selsiasi, yakipelekwa nyuma na kurudishwa kwa mabomba yapitayo chini ya sakafu. Ndiyo maana mbele huweza kuwa baridi na nyuma pakawa tanuri, na ndiyo maana tundu dogo kwenye bomba la nyuma laweza kuiua injini nzima.

Anza kwa kukaa nyuma

Ndugu msomaji, kabla ya kwenda gereji, mwachie mwingine usukani, nawe ukae kiti cha mwisho kwa nusu saa. Weka kiganja kwenye kila tundu la hewa. Hapo utajua tatizo ni la feni, la kiyoyozi au la hita, na utakuwa na neno la kumwambia fundi.

Ikiwa hewa haitoki kabisa, usikimbilie kujaza gesi. Hilo ni jambo la feni. Tazama swichi zote mbili, ya dashibodi na ya nyuma, kisha fyuzi, kisha relei. Feni ikizunguka katika kasi ya juu tu, mara nyingi kilichoungua ni rezista, kifaa kidogo, wala si mota. Chungulia pia chini ya viti, kwa kuwa huenda mzigo au zulia limeziba matundu ya hewa ya joto.

Ikiwa hewa inatoka bila ubaridi ilhali mbele ni baridi, usikubali upesi kubadilishiwa kompresa, kwani ni hiyo hiyo inayohudumia mbele. Fundi na apime presha kwa geji. Gesi ya kiyoyozi haichomwi ikaisha kama petroli. Ikipungua, imevuja, na kuijaza bila kutafuta inakovuja ni kutupa fedha. Gesi ikiwa sawa, shuku vali ya nyuma au koili iliyozibwa na vumbi.

Ikiwa tatizo ni la hita, fundi na aguse kwa tahadhari mipira miwili ya maji ya hita ya nyuma, injini ikiwa imepata moto. Mmoja ukiwa wa moto na wa pili baridi, maji hayapiti: hewa imejifungia ndani, vali imekwama au hita imeziba. Yote miwili ikiwa ya moto, maji yanapita. Tafuta kosa kwenye feni au kwenye kibao kinachoelekeza hewa. Nako nyuma kukipuliza joto wakati umewasha kiyoyozi, huenda vali ya maji imekwama ikiwa wazi.

Dalili zisizopuuzwa

Zulia la nyuma likilowa maji yenye harufu tamutamu, vioo vikifanya ukungu, au maji ya rejeta yakipungua bila sababu, huenda hita inavuja. Usisafiri mbali kabla ya kutengeneza, wala usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa ya moto. Moshi wa ekzosi ukinuka ndani, simama na uwashushe watu wote. Katika moshi huo mna hewa ya sumu isiyo na harufu, inayolewesha na kuua, na wa kwanza kuivuta ni walio nyuma. Kamwe usiendeshe mlango wa nyuma ukiwa wazi nusu ili kupata upepo, kwani huo ndio mlango wa moshi.

Amana ya fundi na ya muuzaji

Patana na fundi bei kabla ya kazi, umlipe pia haki ya uchunguzi wake, na umwombe akuonyeshe kifaa alichotoa. Kuikata hita ya nyuma si kosa, hasa kwa gari la Dar es Salaam lisilopanda milima, maadamu mabomba yameunganishwa imara na mwenye gari amejulishwa. Kosa ni kuficha. Dini yetu imetukataza kuficha aibu ya bidhaa, na aibu ya gari huenda ikamdhuru mtoto wa mtu asiyejua kitu.

Nasi wenye magari tuna la kujiuliza. Dereva huchagua kiti chenye hewa nzuri, na abiria wa nyuma ni mzee anayesitahi au mtoto asiyejua kujieleza. Wote ni amana mikononi mwake. Tangu siku ile, kila safari ndefu humuuliza mama kwanza, kisha huenda mwenyewe nyuma nikaweka kiganja. Gari letu lilitengenezwa kwa mabomba mapya, na Idi iliyofuata tulipanda Lushoto mama akiwa amelala usingizi.

Wabillahi tawfiq.