Mzigo wa Mrina Asali: Vifaa vya Kupandia Mti

Ndugu mkulima, leo tunaacha mahindi na kahawa kando kidogo. Tunazungumza na wewe uliyetundika mizinga mbali na nyumbani, ambaye msimu wa kurina ukifika hutoka na mzigo mgongoni, ukaenda mti kwa mti mpaka jua litue.

Mkulima wa Chapwa, hapo pembezoni mwa mji wa Tunduma, mara nyingi hana msitu mlangoni pake. Mashamba na nyumba vimeusogeza mbali. Mwenye mizinga yampasa afunge safari kwa baiskeli au kwa miguu, ateremke upande wa Momba kwenye miombo. Safari ya namna hiyo humfundisha mtu kupunguza mzigo, na kupunguza ni jambo jema. Taabu ni kwamba wengi hupunguza kisichopaswa kupunguzwa. Utamwona mtu amebeba shoka, panga, madebe mawili ya bati na sufuria ya uji, lakini kamba ya kumshika yeye mwenyewe hana. Anapanda kwa mikono mitupu, usiku, na nyuki wamemzunguka. Mzigo wako uwe mwepesi, ndiyo. Lakini wepesi huo utoke kwenye vyombo, usitoke kwenye kile kinachokuzuia kuanguka.

Najua utaniuliza: kwa nini tupande kabisa? Ni kweli, mizinga ya kisasa iliyowekwa pamoja kwenye manzuki huning'inizwa kwa waya kwenye kimo cha kiuno au kifua, na hakuna anayepanda. Ukianza leo, anza hivyo. Lakini mizinga ya magogo uliyorithi kwa baba iko juu kwa sababu zake: nyegere, moto wa nyika na wezi. Mpaka utakapoiteremsha yote, utaipanda.

Tena usidhani kwamba kupanda kwa ufundi ni mambo ya kigeni. Wahadzabe wa bonde la ziwa Eyasi hupigilia vigingi vya mti kwenye mbuyu, wakapanda juu yake kufuata asali. Wakwezi wa minazi wa pwani wana vidato walivyochonga kwenye shina. Huko Marekani wako wawindaji wanaokaa juu ya mti kumngoja mnyama. Hukalia mkanda mpana mfano wa tandiko, wakaning'inia kwa kamba iliyofungwa kwenye shina, na vyombo vyao vyote hubebwa katika mfuko mmoja wa mgongoni ili wahame mti wakati wowote. Sisi hatuwindi. Lakini kazi ya mrina asali anayehama mti hadi mti inafanana na hiyo sana, na kanuni yao moja yatufaa: mtu wa juu ya mti asikae dakika moja bila kamba.

Haya, tuanze na mkanda. Mkanda unaofaa ni ule wenye pete mbili za chuma kiunoni, kushoto na kulia, na mikanda ya kupita mapajani, kama wanaovaa mafundi wanaopanda nguzo za umeme. Ule wenye pete moja tu mgongoni humdaka anayeanguka, lakini haukupi nafasi ya kukaa na kufanya kazi. Bei yake si ya kununua kwa kuuza kuku wawili. Kwa hiyo kinunueni kikundi, na mtunzaji awe mtu mmoja anayejulikana.

Hapo Chapwa, malori yanapopanga foleni kuelekea mpakani, iko mikanda mingi ya kufungia mizigo iliyotupwa au kuuzwa kwa bei ya chini. Wapo wanaoishona wakapata mkanda wa kupandia. Ndugu yangu, usifanye hivyo. Mkanda uliokwisha kuliwa na jua, ukasuguliwa na kona za chuma, huonekana mzima kumbe nyuzi zake zimekufa. Na uzi wa fundi viatu haukutengenezwa kubeba mtu. Mkanda huo ufungie kuni kwenye baiskeli.

Kadhalika zile pete za kufungua na kufunga, zinazoitwa karabina. Zipo ndogo za rangi rangi zinazouzwa za kuning'inizia funguo. Hizo ni za funguo. Ya kubeba mtu imegongwa kwenye chuma chake alama ya kN pamoja na namba. Ikiandikwa 22 maana yake ni kwamba inastahimili uzito wa kilo kama 2,200 kabla ya kukatika. Isiyo na alama, iache dukani, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Na iliyo na alama iwe na kufuli ya kuzungusha, ili mlango wake usifunguliwe na tawi.

Sasa kamba, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Kamba ya katani ni kitu chetu na ina nguvu ikiwa mpya, lakini hunyonya maji na kuoza kwa ndani. Kamba ya plastiki nyepesi, ile ya buluu au ya kijani iliyojaa madukani, ni rahisi, ila ina kasoro tatu: jua huila, fundo lake huteleza, na huyeyuka kwa joto dogo. Mrina asali ana bomba la moshi lenye makaa. Kaa moja likigusa kamba hiyo, kwaheri. Iliyo bora ni nailoni, yenye unene wa milimita 12, kwa sababu huvutika kidogo mtu akiteleza, haimkati kiuno. Nayo huyeyuka pia, lakini kwa joto kubwa zaidi.

Utazitambuaje? Kata kipande cha urefu wa kidole, kitie kwenye bakuli la maji, ukikamue humo humo ili hewa itoke. Kikielea ni ile plastiki nyepesi. Nailoni huzama. Muombe mwenye duka kipande. Akikataa, nenda kwa jirani yake.

Usiogope uzito. Mita 20 za nailoni ya milimita 12 zina kilo 2 hivi, sawasawa na panga na shoka dogo, na wala huhitaji mita 20 zote. Chukua vipande viwili vya kukushika wewe, kila kimoja kiweze kuzunguka shina na kiuno chako na kubaki kama mkono mmoja. Kwa miti mingi mita 4 zinatosha. Halafu chukua kamba nyembamba, ndefu kuliko kimo cha mzinga, ya kuvutia vyombo tu. Hiyo nyembamba itie rangi tofauti, au funga kitambaa chekundu kila mwisho, ili gizani usije ukajitegemeza juu yake.

Kwa nini vipande viwili? Kwa sababu ya matawi. Kamba moja inakuzunguka wewe na shina unapopanda. Ukifika kwenye tawi huwezi kuipitisha bila kuifungua. Basi kwanza funga ya pili juu ya tawi, uegemee, uhakikishe imekamata. Ndipo ufungue ya chini. Ukifika kwenye mzinga, moja iwe imefungwa juu ya kichwa chako na ya pili imezunguka shina. Ile ya juu isilegee. Kamba iliyolegea mita 1 maana yake ni kwamba utaanguka hiyo mita 1 kabla haijakudaka, na pigo lake laweza kuvunja mbavu.

Kufunga, tumia fundo la namba nane, na mkia ubaki shibiri moja. Fundo lolote hupunguza nguvu ya kamba, pengine kwa theluthi au hata nusu, kwa hiyo usilundike mafundo. Kurefusha na kufupisha kamba ukiwa juu, liko fundo la Prusik, lenye jina la mpanda milima wa Austria. Ni kitanzi cha kamba nyembamba kuliko ile kubwa, chenye nguvu ya kubeba mtu, kilichozungushwa juu yake mara tatu: ukikitegemea hukaza, ukikiachia husukumika. Lakini fundo halifundishwi kwa redio. Muombe anayelijua akuoneshe kwa mikono, ulifunge mara kumi chini ya mwembe wa nyumbani, kisha ukae kwenye mkanda kwa kimo cha goti na kujitikisa kwa uzito wako wote. Likishindwa hapo utaumia makalio tu.

Tuje kwenye mfuko wenyewe. Uwe wa mgongoni. Kiroba kizima kilichoshonewa mikanda miwili ya kitambaa chafaa kabisa. Begi la kushika mkononi halifai. Mkono mmoja unakwisha njiani. Panga vitu kwa kurudi nyuma: kitakachotumika mwisho kitangulie chini. Chini kabisa weka ndoo ya plastiki ya chakula yenye kifuniko, na ndani ya ndoo hiyo kisu, brashi au manyoya ya kufagilia nyuki, na kitambaa safi. Ndoo iliyowahi kuwa na rangi au dawa ya mimea usiitumie hata ukiisugua. Juu yake weka vazi jeupe, glavu na kofia ya wavu. Halafu kamba ya kuvutia, imekunjwa vizuri isijisokote. Juu ya vyote, kitu cha kwanza kukutana na mkono wako, uwe mkanda na kamba zako mbili. Ukifika chini ya mti unavaa mkanda kabla hujagusa kingine.

Bomba la moshi libebwe nje ya mfuko, na kiberiti kiwe kwenye kopo dogo lisiloingia maji. Vyuma vyote vizungushie vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Si kwa ajili ya urembo: nyuki husikia mtikiso wa shina, na kisu kinachogongagonga mti kinawaamsha kabla hujafika.

Shoka liache nyumbani. Sufuria iache. Maji ya kunywa lita 1 na nusu kwa kila mtu usiyaache, na filimbi pia. Haina uzito wowote.

Kumbuka mzigo wa kurudi. Lita moja ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 28. Kuiteremsha hiyo kwa kamba nyembamba gizani ni kumtafutia ajali mwenzako aliye chini. Tumia ndoo ya lita 10, uiteremshe mara mbili, na mwenzako asimame pembeni, si chini yake.

Nimesema mwenzako, na hili halina mjadala. Usiende peke yako. Mtu aliyening'inia kwenye mkanda bila kutikisika, kwa kuzirai au kuumwa na nyuki wengi, damu yake hukwama miguuni, na kwa dakika chache anaweza kufa ingawa hakuanguka. Mwenzako awe anajua kupanda, naye awe na mkanda wake. Kama kikundi kina mkanda mmoja tu, nunueni wa pili kabla ya kununua mizinga mipya.

Saa ya kupanda nayo ni sehemu ya matayarisho. Wengi hungoja giza ndipo waanze. Afadhali ufike saa kumi jioni, ukague mti: matawi makavu, mashimo ya nyoka, shina lililooza. Panda ungali na mwanga, bila kuugusa mzinga. Funga kamba zako na ujue utashukaje. Kisha vuta juu bomba na ndoo kwa kamba nyembamba, bomba liwe upande wa pili wa shina, mbali na kamba zako. Mzinga ufunguliwe saa kumi na mbili, jua likizama. Tochi yako ya kichwani ifunike kwa karatasi nyekundu ya kuonyesha, maana nyuki hawaioni rangi nyekundu.

Nyuki wakikasirika ukiwa juu, huwezi kukimbia. Usifungue kamba kwa haraka. Hapo ndipo watu hufa, si kwa miiba. Funika uso, puliza moshi mahali ulipoumwa, kwa sababu mwiba huacha harufu inayowaita wengine, kisha shuka kwa utaratibu ule ule uliopandia. Akiwapo aliyevimba midomo au anayehema kwa shida, asali iacheni hapo hapo, mumkimbize hospitali.

Ukimaliza, makaa ya bomba yazimwe kwa maji na kufukiwa. Moto mmoja wa Septemba unaweza kuteketeza maua ya miombo uliyokuwa ukiyategemea.

Nyumbani, kamba zisikae ndani ya kiroba na asali. Zioshe kwa maji ya kawaida, uzianike kivulini, uzitundike mahali panya hawafiki. Wenye umeme wa jua wasizitundike karibu na betri: tindikali yake huila nailoni na huwezi kuona kwa macho. Kabla ya kila msimu pitisha kamba yote vidoleni, shibiri kwa shibiri, ukitafuta palipokuwa pagumu, pembamba au penye nyuzi zilizokatika. Ukipapata, au ikiwa kamba imewahi kumdaka mtu aliyeanguka, imekwisha kazi. Usiitupe nzima nyuma ya nyumba, kijana wako akaiokota na kupandia. Ikate vipande vya mita 1, ufungie mbuzi.