Goma: Maisha na Desturi za Mji wa Mpakani

Goma iko kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Kivu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika mwinuko wa mita 1,500 hivi. Upande wa mashariki mji huu umegusana na Gisenyi ya Rwanda. Hakuna mto wala pori katikati. Nyumba zinafuatana, na mpaka unapita nyuma ya nyua za watu. Upande wa kaskazini, mwendo usiofika kilomita 20, umesimama Nyiragongo, mojawapo ya volkano hai zaidi Afrika. Mpaka na mlima vimewapa watu wa Goma sehemu kubwa ya desturi zao, lakini mpaka una uzito zaidi. Mlima hutapika mara moja baada ya miaka mingi, ilhali mpaka hulisha mji kila siku, na siku ukifungwa, vyungu vya jioni huonyesha.

Ardhi hii kwa asili ni ya Wakumu, na magharibi yake, katika vilima vya Masisi, wanakaa Wahunde. Mwishoni mwa karne ya 19 wakoloni waliigombania. Wajerumani walifungua kituo chao Gisenyi, na Wabelgiji wakaweka chao Goma, wakitazamana. Makubaliano yaliyofikiwa Brussels mwaka 1910 kati ya Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza ndiyo yaliyochora mstari uliopo hadi leo. Mstari huo haukuuliza nani anaoa wapi wala ng'ombe wa nani wanakunywa maji ya wapi. Wasemaji wa Kinyarwanda wa Bwisha, katika eneo la Rutshuru, walijikuta Kongo, na jamaa zao wakabaki upande wa pili. Mwaka 1916 Wabelgiji waliivamia Rwanda na kuwaondoa Wajerumani, kisha wakaitawala pamoja na Burundi. Kwa zaidi ya miaka 40 pande zote mbili za mpaka zilikuwa chini ya mtawala mmoja, na kuvuka kulikuwa jambo la kawaida kabisa. Kuanzia mwaka 1937 Wabelgiji wenyewe waliwahamisha watu kutoka Rwanda na kuwapeleka Masisi kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Anayetaka kuelewa kwa nini familia nyingi za Goma zina shangazi Gisenyi na mjomba Masisi aanzie hapo.

Hadi katikati ya karne ya 20 Goma ilikuwa mji mdogo. Makao makuu ya wilaya ya Kivu ya Kaskazini yalikuwa Rutshuru, yakahamishiwa Goma mwaka 1953. Mwaka 1988 mkoa wa Kivu uligawanywa, na Goma ikawa makao makuu ya mkoa mpya wa Kivu ya Kaskazini. Cheo hicho kilileta ofisi, lakini watu waliletwa zaidi na biashara na vita. Wafanyabiashara Wanande walishuka kutoka Butembo na Beni, Washi wakavuka ziwa kutoka Bukavu, Wahavu wakatoka Idjwi na Kalehe. Mnamo Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari nchini Rwanda, wakimbizi wanaokaribia milioni 1 waliingia Goma na vijiji vyake kwa siku chache tu. Kipindupindu na njaa viliua makumi ya maelfu, na kwa kuwa udongo ni mwamba mtupu, hata kuchimba makaburi kulishindikana. Makambi yalivunjwa mwaka 1996, vita vikafuata, na kila wimbi la mapigano huko Masisi, Rutshuru na Walikale lilisukuma wanavijiji wengine mjini. Leo mji una zaidi ya watu milioni 1, na wengi wao wazazi wao hawakuzaliwa hapo.

Mlima nao umeacha alama yake katika ujenzi. Nyiragongo ililipuka Januari 1977, kisha tarehe 17 Januari 2002 lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani. Ilifunika sehemu ya biashara, ikameza kanisa kuu la Kikatoliki na kukata kipande cha barabara ya ndege. Mamia ya maelfu walikimbilia Gisenyi. Waliombwa wakae katika makambi, lakini wengi walirudi baada ya siku chache, mawe yakiwa bado na joto, wakaanza kupima viwanja vyao upya kwa kukumbuka. Hata sasa yapo majengo ambayo ghorofa yake ya kwanza imekuwa ya chini, kwa sababu iliyokuwa chini imezikwa. Mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 ulisimama kwenye kingo za kaskazini za mji, lakini uliteketeza vitongoji na kuua watu zaidi ya 30.

Kutokana na hayo, nyumba ya kawaida katika mitaa ya Majengo, Katoyi au Ndosho ni ya mbao na mabati, imeegeshwa juu ya msingi wa mawe meusi. Ni rahisi kuijenga, na ikibidi huvunjwa mbao kwa mbao ikahamishwa. Mawe ya lava huchongwa kwa nyundo, yakawa ukuta wa ua, msingi wa nyumba, au kokoto za kuuza. Mvua hunyesha kwa wingi, lakini maji hayakai juu ya mwamba huo, hivyo mji ulio kando ya ziwa una shida ya maji. Watoto na wanawake hubeba madumu ya njano kutoka ufukoni, na wenye baiskeli au pikipiki huyauza mitaani. Wenyeji pia hufundisha watoto wao kuogopa mazuku, hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini na kutuama kwenye mabonde. Mbuzi akikutwa amekufa bondeni asubuhi bila jeraha, mtu hashuki kumchukua.

Kiini cha maisha ya mji ni vivuko viwili. Grande Barrière, karibu na ziwa, ni ya magari na wasafiri wenye pasi. Petite Barrière, inayoingia mtaa wa Birere, ni ya waenda kwa miguu, na ni mojawapo ya vivuko vyenye watu wengi zaidi barani Afrika: makumi ya maelfu huvuka kila siku. Mwaka 1976 Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, ilianzisha pamoja na Rwanda na Burundi jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, yenye makao yake Gisenyi, na wakazi wa mpakani wakaruhusiwa kuvuka kwa kibali chepesi. Karatasi ndogo ya kuvukia, jeton, ikawa kitu ambacho mchuuzi hakiachi nyumbani.

Wengi wa wavukaji ni wanawake. Alfajiri wanatoka upande wa Rwanda na nyanya, vitunguu, kabichi, karoti, mayai, maziwa na nyama, kwa kuwa Goma haina mashamba ya kujitosheleza. Wanaorudi jioni hubeba vitenge, viatu na vipodozi vilivyoagizwa kutoka mbali na kushushwa Goma. Mzigo mkubwa wa tajiri hugawanywa katika vifurushi vidogo, kila mama akachukua kiasi kinachohesabiwa kuwa biashara ndogo mbele ya forodha, na upande wa pili vifurushi hukusanywa tena. Wabebaji hulipwa kwa safari. Kazi hiyo ina mateso yake. Idara kadhaa husimama kwenye mlango mmoja, kila moja na malipo yake, na si kila malipo huambatana na risiti. Mwanamke asiyejua haki yake huishia kuacha faida yote pale mlangoni, na vyama vya wachuuzi vimefanya kazi ya heshima kubwa kuwafundisha wanachama wao kiwango halali cha ushuru.

Mtaji wa biashara hii ni uaminifu. Mchuuzi wa nyanya huchukua bidhaa asubuhi kwa mali kauli, akauza, na jioni akarudisha fedha. Kila mama ana muuzaji wake wa kudumu Gisenyi, na kuhama kutoka kwa muuzaji bila kumuaga ni kosa linalokumbukwa. Siku wanawake wanapokosa fedha kabisa, likelemba ndiyo benki yao: kikundi huchangishana kila siku au kila juma, na zamu ya kuchukua kapu zima huzunguka kwa mpangilio uliokubaliwa. Akifiwa mmoja, zamu yake husogezwa mbele bila ubishi. Mwaka 2020, mpaka ulipofungwa kwa sababu ya korona, wachuuzi waliokatazwa kuvuka mmoja mmoja walijiunga katika vikundi, wakawa wanaagiza mzigo kwa pamoja na kuupokea ukiletwa na lori. Wasingeweza kulifanya hilo haraka hivyo kama likelemba isingekwisha kuwazoesha kukabidhiana fedha.

Fedha zenyewe ni za aina tatu: faranga ya Kongo kwa chumvi na sabuni, faranga ya Rwanda huko Birere, na dola ya Marekani kwa kodi ya nyumba, mahari na kila kitu cha maana. Wabadilisha fedha hukaa barabarani na mabunda mezani. Noti ya dola iliyochanika hata kidogo hukataliwa, kwa hiyo watu huzikunja dola zao kwa uangalifu ambao hawaupi faranga.

Mizigo ya ndani ya mji ilibebwa kwa muda mrefu na chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio, yenye magurudumu ya mbao yaliyovishwa mpira. Mwendeshaji huweka goti moja kwenye ubao na kusukuma ardhi kwa mguu mwingine. Kwenye mteremko wa kutoka Kibumba, chukudu hushuka na mamia ya kilo za viazi, kabichi au makaa. Ni fundi wa kijijini anayeitengeneza kwa panga, na kijana anayeimiliki huhesabiwa kuwa mtu mwenye kazi anayeweza kuposa. Mji uliipa heshima mwaka 2009 kwa kuisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu katika mzunguko wa barabara. Bodaboda zimechukua sehemu ya kazi hiyo, lakini mfanyabiashara wa viazi bado hupiga hesabu na kuona chukudu haili petroli.

Meza ya Goma inaonyesha njia zote zinazoingia mjini. Kuna bugali wa muhogo au mahindi, sombe ya majani ya muhogo, maharagwe ya Rutshuru, viazi na jibini ya Masisi, na ndizi zinazoletwa na mashua katika soko la Kituku. Kuna sambaza, dagaa waliopandwa katika ziwa mwaka 1959 wakitolewa Ziwa Tanganyika. Wavuvi huwavua usiku kwa taa, wakifunga mitumbwi mitatu pamoja na kupiga makasia kwa kuimba. Asubuhi sambaza hukaangwa wabichi au huanikwa kwa ajili ya masoko ya mbali.

Katika ndoa kila jamii imeleta desturi yake, na mji umezilazimisha kuelewana. Kwa Wanande mahari huhesabiwa kwa mbuzi. Kwa wasemaji wa Kinyarwanda na Washi huhesabiwa kwa ng'ombe. Familia mbili za makabila tofauti zikikaa kupatana, wazee hutaja mifugo kwanza, kwa sababu ndiyo lugha ya heshima, kisha hukubaliana thamani yake kwa dola. Msibani, jirani wa kabila lolote hulala kwenye matanga pamoja na wafiwa, na orodha ya michango huandikwa na kusomwa mbele ya watu. Katika mji ambao wengi wamekimbia kutoka kwao na kuacha makaburi ya wazee wao nyuma, matanga ndiyo mahali ambapo ujirani hugeuka kuwa undugu, na hakuna desturi nyingine inayotunzwa kwa bidii kama hiyo.

Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote hawa. Kilifika Kongo ya mashariki na misafara ya biashara ya karne ya 19, kikakuzwa na utawala wa kikoloni, na sasa ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Mtoto wa Goma hukianza nyumbani hata kama wazazi wake husemezana Kinande au Kihunde. Mpakani husikika pamoja na Kinyarwanda, na mchuuzi hubadilisha lugha katikati ya sentensi kulingana na mteja. Kuanzia mwaka 2014 vijana wa mji walikusanyika katika tamasha la muziki liitwalo Amani, nao waliimba kwa Kiswahili.

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wafanyabiashara wa Goma, ambao kwa miaka mingi wamepokea malori kutoka Mombasa na Dar es Salaam, walitarajia ushuru upungue. Mambo yalikwenda kinyume. Waasi wa M23, ambao waliwahi kuushika mji kwa siku chache Novemba 2012, waliuingia tena mwishoni mwa Januari 2025 baada ya mapigano yaliyoua watu wengi. Uwanja wa ndege ulifungwa, na mabenki yakafunga milango. Petite Barrière ilirudi kufanya kazi muda mfupi baada ya milio ya risasi kunyamaza. Wakazi walianza kuvuka hadi Gisenyi ili kupata huduma za kibenki, na wachuuzi wasio na akiba wakarudi kuchukua nyanya kwa wauzaji wao wa zamani kwa ahadi ya kulipa jioni.